Kipindi kwanza, mashine baadaye: mwongozo wa kuainisha nyota badilifu kwa kompyuta

Nyota badilifu za vipindi ni zile ambazo mwangaza wake hupanda na kushuka kwa mpangilio unaojirudia; muda wa mzunguko mmoja ndio kipindi. Baadhi hujirudia kila baada ya saa mbili, nyingine huchukua mwaka mzima. Zamani kuziainisha ilikuwa kazi ya macho: mtaalamu anaitazama grafu ya mwangaza dhidi ya muda, anaamua, anachukua inayofuata. Leo macho hayatoshi. Toleo la tatu la data za chombo cha anga cha Gaia, lililotoka Juni 2022, lina nyota badilifu zaidi ya milioni 9, na kazi ya aina hiyo hakuna wa kuifanya ila kompyuta iliyofundishwa.

Mwongozo huu ni kwa anayejua Python kiasi cha kusoma faili na kuchora grafu. Utahitaji maktaba za numpy, pandas, astropy na scikit-learn, ambazo zote ni za bure, na kompyuta ya kawaida. Sehemu kubwa ya maelezo inahusu mambo yanayotangulia ujifunzaji wa mashine, kwa sababu huko ndiko kazi inakofaulu au kuharibika. Kiainishi (programu inayoipa kila nyota aina yake) cha kizamani kilichopewa vipindi sahihi hukishinda kiainishi cha kisasa kilicholishwa vipindi vya makosa. Watu wengi huuliza watumie algoriti gani. Ni afadhali waanze kwa kuuliza ni vipindi vyao vingapi ambavyo ni vya kweli.

Hatua ya 1: Zijue nyota zenyewe

Kundi la kwanza ni nyota zinazopwita, yaani mwili wa nyota hutanuka na kusinyaa, na joto la uso wake hubadilika sambamba. Humo kuna Sefeidi, ambazo vipindi vyake kwa kawaida ni kati ya siku 1 na 100. RR Lyrae, ambazo huwa chini ya siku moja. Delta Scuti, zenye vipindi vya saa chache. Na aina ya Mira, majitu mekundu yanayochukua siku 100 na kuendelea. Delta Cephei, iliyozipa Sefeidi jina, ilitambuliwa na John Goodricke mwaka 1784 na ina kipindi cha siku 5.37.

Kundi la pili ni nyota maradufu zinazopatwana. Hapa nyota haibadiliki yenyewe. Mwenzake hupita mbele yake na kuufunika mwanga. Algol ni mfano wa aina ya EA: mwangaza hukaa karibu tambarare, kisha hushuka ghafla mara moja kila siku 2.87. Nyota za aina ya EW, kama W Ursae Majoris yenye kipindi cha siku 0.334, zimegusana kabisa, hivyo mwangaza hauna sehemu tambarare. Ni mawimbi mfululizo yenye mabonde mawili yanayokaribia kulingana. Katikati yao kuna aina ya EB, na mpaka kati ya EB na EW umechorwa na binadamu kuliko ulivyochorwa na maumbile. Likumbuke hilo utakapofika kwenye matokeo.

Kundi la tatu ni nyota zenye madoa. Zinapojizungusha, doa huja mbele na kuondoka. Grafu zake hubadilika umbo msimu hadi msimu, ndiyo maana zinasumbua.

Kabla ya kuandika mstari wowote wa kiainishi, pakua grafu ishirini hivi za kila aina, uzikunje kwa vipindi vilivyo kwenye katalogi, uzitazame. Kukunja maana yake ni kugawa muda wa kila kipimo kwa kipindi na kubaki na sehemu ya desimali tu, ili mizunguko yote ilaliane katika mzunguko mmoja. RR Lyrae za aina ya ab hupanda kwa kasi na kushuka polepole. Za aina ya c ni wimbi laini. Jicho lako likishazoea tofauti hiyo, utajua upesi kompyuta inapokudanganya.

Hatua ya 2: Chagua data za kufundishia

Anza na mradi mmoja, usichanganye. Mimi ningeanza na OGLE, mradi wa kupima mwangaza wa nyota ulioanza mwaka 1992 na ambao darubini yake ya mita 1.3 iko Las Campanas, Chile. Sababu ni kwamba katalogi zake ziko wazi kwa umma, grafu zipo katika vichujio viwili vya rangi, V (mwanga unaoonekana) na I (karibu na infraredi), na aina za nyota zimehakikiwa na watu. Katika Mawingu ya Magellan pekee, galaksi mbili ndogo zilizo jirani na yetu, kuna Sefeidi zaidi ya 9,500 na RR Lyrae zaidi ya 45,000. Kuelekea kitovu cha galaksi yetu kuna nyota maradufu zinazopatwana zaidi ya 450,000.

Huhitaji zote. Chukua nyota elfu moja au mbili kwa kila aina iliyo nyingi, na zote ulizopata kwa aina adimu. Ongeza pia nyota zisizobadilika, maana katika kazi halisi ndizo zitakazojaa kwenye faili lako. Usipomwonyesha mwanafunzi wako, yaani kiainishi, nyota tulivu, kila nyota tulivu ataipachika jina la aina fulani.

Ipo hatari moja ya Mawingu ya Magellan ambayo haionekani mapema. Nyota zote za Wingu Kubwa ziko karibu umbali ule ule kutoka kwetu, kiloparseki 50 hivi (miaka ya nuru 163,000 hivi). Kwa hiyo RR Lyrae zote zinaonekana hafifu, kwenye mag 19 hivi (mag ni kipimo cha mwangaza wa nyota), na Sefeidi zote zinaonekana angavu zaidi. Ukimpa kiainishi wastani wa mwangaza unaoonekana kama mojawapo ya sifa, atagundua njia ya mkato: hafifu ni RR Lyrae, angavu ni Sefeidi. Matokeo yako yatapendeza mno. Kisha utampeleka kwenye nyota za galaksi yetu, ambako RR Lyrae iliyo karibu inaweza kuonekana kwa darubini ndogo, na kila kitu kitaporomoka. Mwangaza unaoonekana uondoe kwenye orodha ya sifa, au utumie mwangaza halisi uliokokotolewa kwa paralaksi ya Gaia (kujongea kidogo kwa nyota kunakotupa umbali wake) pale ambapo paralaksi hiyo ni ya kuaminika.

Hatua ya 3: Safisha, lakini kwa mkono mwepesi

Ondoa vipimo ambavyo mradi wenyewe umevitia alama ya ubovu. Ondoa na vile ambavyo kosa lake la kipimo ni kubwa kupita kiasi ukilinganisha na vingine vya nyota hiyo hiyo.

Usiende mbali zaidi ya hapo. Mazoea ya kufuta kila kipimo kilicho mbali na wastani, yanayofaa katika kazi nyingine za takwimu, hapa ni sumu. Kupatwa kukuu kwa Algol huchukua saa 10 hivi ndani ya mzunguko wa saa 69 kasoro kidogo, na mwangaza hushuka kutoka mag 2.1 hadi 3.4. Kwa nyota ya namna hiyo, vipimo vichache vilivyo chini kabisa ndivyo habari yenyewe. Ukivifuta, umebaki na mstari mnyoofu. Kama ni lazima ufute, futa vilivyopotoka kuelekea upande wa kung'aa, na hata hapo kwa tahadhari. Kumbuka pia kwamba namba ya mag ikiwa kubwa nyota ni hafifu, kwa hiyo geuza mhimili wa wima unapochora.

Muda nao usawazishwe. Dunia inapolizunguka Jua, mwanga wa nyota hutufikia mapema au kuchelewa kwa hadi dakika 8.3. Kwa Mira hilo si kitu. Kwa Delta Scuti yenye kipindi cha siku 0.06, ambayo ni dakika 86, dakika nane ni karibu sehemu ya kumi ya mzunguko mzima. Angalia kama muda uliopewa tayari umerekebishwa hadi kwenye Jua au kwenye kitovu cha uzani cha mfumo wa Jua. Kama bado, astropy inaweza kufanya marekebisho hayo.

Hatua ya 4: Tafuta kipindi

Hapa usiwe na haraka.

Zana ya kuanzia ni periodogramu ya Lomb na Scargle, iliyopewa majina ya watafiti wawili walioiandikia makala mwaka 1976 na 1982. Inajaribu kila frekwensi, yaani idadi ya mizunguko kwa siku, inalinganisha wimbi laini na vipimo vyako, na kukupa nguvu ya ulinganifu. Uzuri wake ni kwamba haidai vipimo viwe na nafasi sawa, jambo ambalo darubini ya ardhini haiwezi kukupa kamwe. Kwa sababu hiyo hiyo unaweza kupata vipindi vifupi kuliko muda wa kawaida kati ya kipimo na kipimo. Nyota iliyopimwa mara moja kila baada ya siku tatu bado inaweza kukuonyesha kipindi cha saa tano, mradi vipimo viwe vingi na saa zake zitofautiane.

Gridi ya frekwensi utakazojaribu ipangwe kwa hatua sawa za frekwensi, si za kipindi. Hatua iwe ndogo kiasi kwamba kuanzia kipimo cha kwanza hadi cha mwisho, awamu (mahali kipimo kilipo ndani ya mzunguko) isitelezeke kwa zaidi ya sehemu ya tano ya mzunguko. Kama data zako zimeenea siku 3,000, hatua ni 1 gawanya kwa 15,000. Ukitafuta hadi mizunguko 20 kwa siku, unahitaji nukta 300,000. Anayetumia nukta elfu kumi ili amalize upesi ataruka juu ya kilele chenyewe bila kukiona, kisha atakilaumu kiainishi chake.

Ukishapata kilele kirefu kuliko vyote, usikiamini bado. Kuna udanganyifu wa aina mbili.

Wa kwanza unatokana na usiku na mchana. Darubini ya ardhini hupima usiku tu, kwa hiyo inafanana na mtu anayechungulia dirishani kila jioni: hajui kama kilichotokea katikati kilitokea mara moja au mara mbili. Matokeo yake, frekwensi ya kweli huzaa vivuli vilivyo mzunguko mmoja kwa siku juu yake na chini yake. Ichukue nyota RR Lyrae yenyewe, yenye kipindi cha siku 0.567. Frekwensi yake ni 1.764. Kivuli cha juu ni 2.764, yaani siku 0.362, cha chini ni 0.764, yaani siku 1.309. Ukikosea kwenda juu, umeipeleka nyota ya aina ya ab kwenye eneo la aina ya c. Ukikosea kwenda chini, umeipeleka kwa Sefeidi. Hakuna algoriti itakayoirudisha, kwa sababu kipindi ndiyo sifa inayosikilizwa kuliko zote.

Kokotoa periodogramu ya ratiba ya vipimo peke yake, mwangaza ukiwa umewekwa sawa kwa vipimo vyote. Vilele vitakavyotokea ni vya darubini, si vya nyota. Kwa kawaida utaviona kwenye 1, 2 na 3 kwa siku, na kwa vipindi virefu utaona mwezi mwandamo na mwaka. Nyota yenye kipindi kinachoangukia hapo itiliwe shaka. Usiifute papo hapo, kwa maana nyota za kweli zenye kipindi cha karibu siku moja zipo.

Udanganyifu wa pili ni wa nusu kipindi. Nyota maradufu ya EW ina mabonde mawili yanayolingana katika kila mzunguko. Wimbi laini la Lomb na Scargle lina bonde moja. Kwa hiyo zana itachagua nusu ya kipindi, tena kwa uhakika mkubwa. W Ursae Majoris yenye siku 0.334 itatoka na 0.167, ambako inaishi na Delta Scuti. Hili si kosa la bahati mbaya. Litatokea kwa karibu kila nyota ya aina hiyo.

Ninachopendekeza ni hiki. Kwa kila nyota hifadhi vilele vitano vya juu. Kwa kila kimoja chukua pia kipindi mara mbili yake. Kunja grafu kwa kila kipindi kilichopatikana, kisha pima mtawanyiko: gawa awamu katika vyumba kumi au ishirini, tazama vipimo vilivyomo ndani ya chumba kimoja vinatofautiana kiasi gani, jumlisha. Njia hii, aliyoieleza Stellingwerf mwaka 1978, haijali umbo la wimbi. Kunja ukitumia kipindi chenye mtawanyiko mdogo, lakini kwa jozi ya kipindi na maradufu yake chukua maradufu pale tu mabonde mawili yanapotofautiana kina kuliko makosa ya vipimo yanavyoweza kueleza. Yasipotofautiana, baki na kifupi na uiachie hatua ya 5 imalize. Kwa nyota za EA zenye kupatwa kufupi, ongeza njia ya BLS, inayotafuta mshuko wa umbo la sanduku. Nayo imo ndani ya astropy.

Unaweza kuongeza hamoniki, yaani mawimbi ya nyongeza yenye frekwensi mara mbili, mara tatu na kuendelea, kwenye Lomb na Scargle ili ipate maumbo yasiyo laini. Inasaidia kwa RR Lyrae, ila ukizidisha itaanza kupendelea vipindi vilivyozidishwa mara mbili au tatu. Mbili au tatu zinatosha.

Sasa jipime. Chora kipindi chako dhidi ya kipindi cha katalogi, mihimili yote miwili ikiwa ya logi. Nyota sahihi zitajipanga kwenye mshazari. Zilizokatwa nusu zitaunda mstari sambamba chini yake. Vivuli vya siku moja vitaonekana kama mikunjo inayopinda. Grafu hii moja itakueleza mengi kuliko jedwali lolote la baadaye, na mimi nisingesonga mbele kabla haijakaa sawa.

Hatua ya 5: Geuza grafu kuwa sifa

Kila nyota sasa inakuwa mstari mmoja wenye safu kadhaa za namba. Sifa chache zenye maana ya kifizikia hushinda mia mbili zilizozolewa kutoka kwenye maktaba.

Weka logi ya kipindi. Weka ukubwa wa badiliko, ukipimwa kutoka asilimia 5 ya chini hadi asilimia 5 ya juu ya vipimo, si kutoka kipimo cha chini kabisa hadi cha juu kabisa, ambavyo huharibiwa na kosa moja tu. Weka rangi, yaani tofauti ya mwangaza kati ya vichujio viwili, ukikumbuka kwamba vumbi la angani huzifanya nyota zote zionekane nyekundu kuliko zilivyo. Penye ramani ya vumbi, rekebisha.

Umbo lenyewe lieleze kwa mfululizo wa Fourier. Linganisha grafu iliyokunjwa na jumla ya mawimbi manne au matano, kisha chukua uwiano wa ukubwa wa wimbi la pili kwa la kwanza, unaoandikwa R21, na tofauti za pembe φ21 na φ31 (za wimbi la pili na la tatu dhidi ya la kwanza). Simon na Lee waliutumia utaratibu huu kwa Sefeidi mwaka 1981 na haujazeeka. RR Lyrae za aina ya ab zina R21 kubwa kwa sababu ya mwinuko wake mkali. Za aina ya c zina ndogo. Nyota ikiwa na vipimo chini ya 40 hivi, punguza mawimbi, la sivyo mfululizo utajaza mapengo kwa milima isiyokuwepo.

Angalia pembe hizo. Pembe ya 0.05 na ya 6.23 ni majirani, lakini mti wa maamuzi, ambao ndio msingi wa kiainishi cha hatua ya 6, unaziona ziko pande mbili za dunia. Kila pembe itoe kama safu mbili, sini yake na kosini yake. Na unapolinganisha na makala za wengine, angalia kama walianza na sini au kosini, kwani namba za pembe hutofautiana.

Sifa mbili ninazozipenda hazionekani mara nyingi kwenye miongozo. Ya kwanza ni uwiano wa mtawanyiko wa kipindi ulichochagua kwa ule wa maradufu yake, pamoja na tofauti ya kina cha mabonde mawili ukikunja kwa maradufu. Hizo zinampa kiainishi nafasi ya kuitambua EW hata pale ulipokosea kwa nusu. Ya pili ni uwiano wa ukubwa wa badiliko katika V kwa ule wa I. Nyota inayopwita hubadilika joto, kwa hiyo hubadilika zaidi kwenye V, iliyo karibu na bluu kuliko I. Nyota za EW zina joto linalokaribiana, kwa hiyo kufunikana kwake hupunguza rangi zote karibu sawa. RR Lyrae ya aina ya c na EW ya nusu kipindi zinaweza kufanana kwa kila kitu kingine. Uwiano huu ndio unaozitenganisha.

Jambo moja la lazima: sifa zote za kufundishia zikokotolewe kwa vipindi ulivyovipata wewe, si vya katalogi. Kwenye nyota mpya hutakuwa na katalogi. Ukimfundisha kwa vipindi safi halafu ukamtuma na vipindi vyenye makosa, umemfundisha kazi nyingine.

Hatua ya 6: Gawa na ufundishe

Tenga robo ya nyota kwa ajili ya jaribio la mwisho na usiziguse. Mgawanyo uheshimu uwiano wa aina. Hakikisha nyota moja haiko pande zote mbili: miradi mingi hupiga picha maeneo yanayoingiliana, hivyo nyota ile ile hupewa namba mbili. Linganisha mahali pake angani kabla ya kugawa.

Kiainishi cha kuanzia kiwe msitu nasibu, yaani mamia ya miti ya maamuzi, kila mti ukifundishwa kwa sampuli tofauti kidogo na yote ikipiga kura. Ndani ya scikit-learn unaitwa RandomForestClassifier. Miti 500, angalau nyota 3 kwa kila jani, na uzito wa aina ukisawazishwa ili aina adimu zisimezwe. Hauhitaji sifa kuwekwa kwenye kipimo kimoja, unafundishwa kwa dakika chache, na unakueleza sifa zipi zimefanya kazi. Mwaka 2011 Joseph Richards na wenzake waliutumia kwa nyota za OGLE na za Hipparcos, chombo cha anga kilichotangulia Gaia, zilizogawanywa katika aina 25, na kosa likawa asilimia 22.8, ambalo wakati huo lilikuwa hatua kubwa mbele. Namba hiyo ikusaidie kupima ndoto zako: aina zikiwa nyingi na zinazofanana, asilimia 99 ni ya kutiliwa shaka.

Kuna faida kuainisha kwa ngazi, kwanza inayopwita, inayopatwa au yenye madoa, kisha aina ndani ya kundi. Mitandao ya neva inayosoma grafu moja kwa moja bila sifa nayo inafanya kazi vizuri ukiwa na makumi ya maelfu ya nyota zenye lebo. Chini ya hapo, sioni sababu ya kuuacha msitu.

Hatua ya 7: Soma makosa, si asilimia

Usahihi wa jumla hauna maana kama nyota 95 katika kila 100 ni maradufu; anayejibu "maradufu" kila mara atapata 95. Chora jedwali la mkanganyiko: mistari ni aina ya kweli, safu ni jibu la kompyuta. Kisha usome kisanduku kwa kisanduku.

EB ikichanganywa na EW, tulia. Mpaka wenyewe ni wa kubuni. Sefeidi za aina ya II zikichanganywa na za kawaida, ni kwa sababu bila umbali zinafanana sana, na dawa yake ni paralaksi au nyota zilizo umbali mmoja. Nyota za madoa zikichanganywa na EW, tazama kama umbo limebadilika kati ya mwaka wa kwanza na wa mwisho wa data. Lakini Mira ikitoka RR Lyrae, usiguse msitu. Rudi hatua ya 4.

Chukua makosa ambayo kiainishi aliyafanya kwa uhakika mkubwa na uyachore yote. Sehemu yake itakuwa vipindi vibaya. Sehemu nyingine, na hii huwashangaza wengi, itakuwa lebo za katalogi ambazo si sahihi, na kompyuta ndiyo iliyosema kweli.

Kura za miti si uwezekano halisi. Nyota iliyopata kura 0.8 haimaanishi kwamba 8 katika kila 10 za namna hiyo ni sahihi. Pima hilo kwenye nyota ambazo msitu haukuziona, na usawazishe kwa CalibratedClassifierCV kabla ya kumpa mtu mwingine namba hizo.

Hatua ya 8: Nyota mpya

Nyota za kufundishia kwa kawaida ni angavu na zimepimwa mara nyingi; mpya ni hafifu na zimepimwa mara chache. Ziharibu zile za kufundishia kwa makusudi: punguza vipimo bila mpangilio, ongeza kelele inayolingana na ya data mpya, tafuta vipindi upya, fundisha upya. Asilimia yako itashuka. Hiyo iliyoshuka ndiyo ya kweli. Kwa data zilizogawanyika katika vichujio vingi, kama zitakavyokuwa za darubini ya Rubin ya mita 8.4 yenye vichujio sita, kipindi kitafutwe kwa vichujio vyote kwa pamoja. Astropy ina toleo la Lomb na Scargle la namna hiyo.

Kiainishi hajui kusema "sijawahi kuona kitu kama hiki". Atachagua jibu kati ya aina alizofundishwa, basi. Kwa hiyo pitisha nyota zote pia kwenye Isolation Forest ya scikit-learn, inayotafuta vitu vilivyojitenga na vingine, na zile zinazojitokeza zitazamwe kwa macho. Nyingi zitakuwa takataka za picha.

Ukipata nyota unayodhani haijawahi kuripotiwa, tafuta mahali pake kwenye VSX, orodha ya nyota badilifu inayotunzwa na AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota badilifu, ukiruhusu tofauti ya sekunde kadhaa za tao (sekunde moja ya tao ni 1/3600 ya digrii). Kisha tazama majirani zake. Pikseli ya TESS, darubini ya anga ya NASA, ina upana wa sekunde 21 za tao, kwa hiyo nyota kadhaa huweza kulala ndani ya pikseli moja na badiliko la mmoja likaandikwa kwa jina la mwingine. Majirani wawili wakiwa na kipindi kile kile hadi desimali ya mwisho, badilisha mag kuwa kiasi cha mwanga, linganisha ukubwa wa badiliko la kila mmoja, na ile yenye badiliko kubwa ndiyo nyota badilifu yako.